Kutoka Bunduki Hadi Joho: Askari, Hakimu na Wakili katika Historia ya Tarime na Serengeti



Mwaka 2019 nilipewa kazi ambayo hakuna mhasibu anayeiomba. Kaka yangu, mtoto wa Baba Mkubwa, aliyekuwa wakili wa kujitegemea Tarime mjini tangu 1993, alikuwa ametangulia mbele za haki, na familia ikanituma nikafunge hesabu za ofisi yake. Ilikuwa ofisi ya chumba kimoja: meza, kabati la mafaili, mashine ya kupiga chapa ambayo alikataa kuiondoa hata baada ya kununua kompyuta, na muhuri wa Kamishna wa Viapo. Chini ya meza nikakuta madaftari makubwa kumi na moja. Kila mstari ulikuwa na jina la mteja, kijiji, aina ya shauri, ada waliyokubaliana, na kilicholipwa.

Safu ya mwisho ndiyo iliyonisumbua. "Atalipa baada ya mavuno." "Mbuzi mmoja, amepokelewa." "Gunia moja la mahindi, limebaki moja." "Mjane, asidaiwe." Kwa kanuni za kazi yangu, zaidi ya theluthi ya madeni yale ilikuwa ya kufutwa siku hiyohiyo. Niliyafuta. Lakini nilipoyasoma madaftari yale kwa mara ya pili, usiku, niliona kwamba mbele yangu ilikuwa historia ya nyumbani kwetu, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika kwa namna ile.

Kamati ya harambee iliponiomba makala ya jarida la mwaka huu, nikaona niwaeleze historia hiyo: jinsi eneo letu, lililosifika kwa askari, lilivyochelewa kupata mawakili, na gharama tuliyoilipa kwa kuchelewa huko.

Wazee waliokwenda Burma

Mtu wa nje akisikia neno "Mkurya", jambo la kwanza analolifikiri ni jeshi. Sifa hiyo haikuanza jana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliandikisha vijana wengi wa Mara katika King's African Rifles, ile tuliyoizoea kwa jina la KAR au "keya". Vikosi vya Afrika Mashariki vilipigana Ethiopia, vikashuka Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na malaria, hadi mto Chindwin. David Musuguri wa Butiama alijiunga na KAR mwaka 1942, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi wa Tanzania kuanzia 1980 hadi 1988. Aliyempokea kijiti, Jenerali Ernest Mwita Kiaro, alikuwa Mkuu wa Majeshi hadi 1994.

Baba Mkubwa alikuwa mmoja wa vijana wale wa 1942, ingawa yeye hakupata cheo cha kutajwa. Alirudi na koti, kilemba cha bluu cha jeshi, Kiswahili cha kambini, na fedha za kununulia ng'ombe. Ng'ombe ndiyo waliomwezesha kuoa na kujenga mji wake. Kwa wazee wengi wa rika lake, jeshi lilikuwa njia ya mshahara wakati eneo lilikuwa na shule chache mno. Kijana mwenye nguvu alikuwa na njia. Kijana mwenye akili ya vitabu alikuwa na foleni ndefu.

Matokeo yake yalionekana nchi ilipopata uhuru. Tulikuwa na askari na makoplo kila kijiji. Mawakili Waafrika katika Tanganyika nzima walihesabika kwa vidole.

Iritongo, baraza la mtemi, na mahakama ya mwanzo

Haina maana kwamba hatukuwa na sheria. Kila ukoo mkubwa wetu, iwe Wanyabasi, Wakira, Wairegi, Wanyamongo, Watimbaru au wengineo, ulikuwa na iritongo, mkutano wa hadhara ambamo jambo lilizungumzwa mchana mbele ya watu wote. Nyuma yake kulikuwa na inchama, baraza la wazee ambalo halikupiga kelele lakini neno lake lilisikika. Upande wa Serengeti, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye walikuwa na taratibu zao. Mwizi alijulikana, fidia ilijulikana, na kiapo kiliogopwa kuliko jela.

Mkoloni aliweka juu ya hayo mabaraza ya watemi, ambamo mtawala ndiye pia aliyekuwa hakimu. Aliyekusanya kodi yako asubuhi ndiye aliyesikiliza malalamiko yako mchana. Serikali ya uhuru iliufuta utawala wa machifu mwaka 1963, na mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika 1964. Hapo ndipo ilipozaliwa Mahakama ya Mwanzo tunayoijua: hakimu, wazee wa baraza, na lugha ya Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo sheria za mila ziliandikwa na kutangazwa rasmi, kazi iliyoongozwa na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyetumikia serikali ya kikoloni kwa muda mrefu. Kanuni zile za 1963 ndizo zilizoweka kwenye karatasi kwamba mjane harithi mali ya mumewe, na kwamba binti anasimama nyuma ya ndugu zake wa kiume. Kilichokuwa kikizungumzwa na kulegezwa na wazee kulingana na hali ya familia kikawa aya iliyochapishwa.

Jambo moja la sheria ile wengi hawalijui. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia Mahakama ya Mwanzo. Nia ilikuwa njema, kwamba mwananchi wa kawaida asizidiwe na mwenye fedha za kukodi msemaji. Lakini maana yake ilikuwa pia kwamba mashauri mengi ya watu wetu, ya mipaka, mirathi, mahari na ng'ombe, yalianza bila mtu wa kuwaambia ni karatasi ipi waitunze na ni siku ipi wasiikose. Ruhusa ya mawakili kusimama katika Mahakama ya Mwanzo, pale inapoongozwa na hakimu mkazi, ilikuja mwaka 2021, miaka karibu 60 baadaye.

Njia ndefu ya kijana mmoja

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, kikiwa ndicho kitivo cha kwanza cha chuo kikuu chetu, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 14 tu. Mkoa wetu haukukosa watu katika miaka ya mwanzo. Joseph Sinde Warioba, aliyezaliwa Bunda mwaka 1940, alimaliza hapo 1966, akawa Mwanasheria Mkuu, Waziri wa Sheria, Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, na baadaye jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari. Mark Bomani, ambaye kaka yake Paul Bomani alizaliwa Ikizu, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanzania kuanzia 1965. Baada ya kuitumikia serikali na kisha Umoja wa Mataifa katika suala la Namibia, alirudi nyumbani akafungua ofisi yake ya uwakili. Hao walikuwa mwanga. Lakini wote walifanya kazi Dar es Salaam, na mama wa Nyamwaga au Mugumu hakuwafikia.

Mwaka uleule wa 1966, tarehe 22 Oktoba, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa. JKT lilianzishwa Julai 1963, na sasa serikali ilitaka wasomi nao wapite humo, sehemu kubwa ya muda wao wakilipwa asilimia 40 ya mshahara wao. Mwalimu aliwafukuza wanafunzi karibu 400. Tangu hapo, kwa karibu miaka 30, kijana wa Tanzania hakufika kwenye kazi ya kisomi bila kupitia gwaride, jembe na bunduki. Kizazi changu kiliponea pale utaratibu uliposimamishwa 1994, kisha ukarudi 2013.

Kaka alimaliza kidato cha sita mwaka 1977. Wakati huo Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa mkoani kwetu, lilikuwa limefuta utaratibu wa kutoka shule moja kwa moja hadi chuo kikuu. Ilibidi kwanza uende JKT, kisha ufanye kazi angalau miaka miwili, kisha mwajiri na chama wakupendekeze. Kaka aliingia kambini mwaka 1978 akitegemea kutoka baada ya mwaka. Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Novemba Mwalimu akatangaza vita. Vijana wa JKT na mgambo wakaingizwa jeshini kwa maelfu.

Hakupenda kusimulia vita. Alitwambia tu kwamba alitembea kwa miguu kutoka Mutukula, na kwamba katika safari ile alisikia Kikurya kikizungumzwa usiku katika kila kombania. Watu wetu walikuwepo juu na chini: Musuguri aliongoza Divisheni ya 20, na Mwita Marwa aliongoza Brigedi ya 208. Kampala iliangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Kaka alirudi mzima. Rafiki yake wa dawati moja hakurudi.

Baada ya vita alipata kazi ya ukarani katika mahakama ya wilaya. Hapo, alisema, ndipo alipoamua. Askari wenzake waliorudi na medali walikuwa wanaletwa pale wakiwa washtakiwa, na hakuna aliyejua kujitetea. Ni kweli isiyofichika kwamba baada ya 1979 silaha zilizosambaa ziliubadili wizi wa ng'ombe. Zamani vijana walikwenda na mishale na kurudi na sifa. Sasa kulikuwa na bunduki, wanunuzi, na mpaka wa Kenya karibu. Sheria ya Adhabu za Chini Kabisa ya 1972 iliuhesabu wizi wa ng'ombe miongoni mwa makosa ambayo hakimu hana uhuru wa kuyahurumia. Aliyekamatwa na aliyesingiziwa walipanda kizimba kimoja, na wote hawakuwa na msemaji.

Aliingia Mlimani mwaka 1981, akamaliza 1984. Kisha mafunzo ya vitendo katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria, ombi kwa Jaji Mkuu, na hatimaye kuapishwa na jina kuingizwa katika orodha ya mawakili. Lakini hakufungua ofisi. Wakati ule wakili wa kujitegemea alikuwa kiumbe adimu, hasa mikoani. Baada ya Azimio la Arusha makampuni makubwa yalikuwa ya umma, na tangu 1970 kulikuwa na Shirika la Sheria la kuyahudumia. Mhitimu alisomeshwa na serikali na alitegemewa kuitumikia serikali. Kaka akawa mwanasheria wa shirika moja la umma kwa miaka kadhaa, hadi mashirika yalipoanza kupunguza watu na kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alipopunguzwa, wenzake walibaki Dar es Salaam. Yeye alipanda basi na sanduku la vitabu, akapanga chumba kimoja Tarime.

Yaliyomo katika madaftari

Nimeyapanga mashauri yake kama ninavyopanga vocha, kwa mafungu.

Fungu nene kuliko yote ni ardhi. Mpaka ulioliwa hatua tano kila msimu, shamba lililouzwa na ndugu asiye mwenyewe, eneo lililoachwa wakati wa Operesheni Vijiji ya 1974 na kurudiwa miaka 20 baadaye na wenyewe wawili.

Fungu la pili ni dhamana na utetezi katika kesi za ng'ombe na za mapigano ya koo. Hapa alilaumiwa sana mjini. Watu walimuuliza kwa nini anatetea wezi. Alijibu kwamba yeye hutetea mtuhumiwa, na mwizi hujulikana baada ya hukumu.

Fungu la tatu ni la wanawake: wajane waliofukuzwa miji yao, na watoto wa nyumba ntobhu. Mnajua desturi hiyo ya mama asiye na mtoto wa kiume kuoa binti ili apate mrithi. Kwetu ni ndoa. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo yule binti na watoto wake, mama mwoaji akifa, wanasimama mahakamani mikono mitupu. Katika fungu hili ndimo safu ya mwisho ilimoandikwa mara nyingi "asidaiwe".

Fungu la nne linaanza baada ya 2002, mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji Nyamongo: tathmini ya mazao, fidia ya nyumba, barua za wito. Karatasi zake ni nyingi kuliko za mafungu mengine yote.

Mashauri yaliyovuka mipaka ya wilaya

Mambo mawili ya eneo letu yalifika mbali, na ni vyema vijana wetu wayajue.

La kwanza ni Nyamuma, wilaya ya Serengeti. Oktoba 2001 wananchi waliondolewa na nyumba zao zikachomwa, katika eneo lililodaiwa kuwa la hifadhi. Wananchi 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walilalamika mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mwaka 2004 Tume iliona kwamba haki zao zilivunjwa na ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikukubali. Shauri likaenda Mahakama Kuu, na baadaye Mahakama ya Rufani, likibishaniwa kama mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Leo shauri la wakulima wa Nyamuma linajadiliwa na wanasheria nchini kote.

La pili ni Nyamongo. Baada ya watu watano kuuawa kwa risasi katika vurugu za Mei 2011 mgodini, baadhi ya wananchi na ndugu wa waliofariki walifungua madai London mwaka 2013 dhidi ya kampuni iliyokuwa ikimiliki mgodi. Madai hayo yalimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama Februari 2015. Jiulizeni: mtu wa Nyangoto ampate wakili Uingereza kwa wepesi kuliko Tarime?

Siku thelathini

Sasa niseme la nyumbani kwangu, maana bila hilo msingeelewa kwa nini naandika.

Mwaka 1996 marehemu baba alishindwa shauri la shamba katika Mahakama ya Mwanzo. Lilikuwa shamba la babu, lenye makaburi. Baba aliona uamuzi si wa haki, na aliona pia kwamba haki yake ni dhahiri kiasi kwamba haina haraka. Alisubiri mavuno. Alisubiri harusi ya dada yangu. Kisha akaenda kumwona mtoto wa kaka yake akiwa na nakala ya hukumu ndani ya mfuko wa sukari. Kaka aliisoma tarehe, akanyamaza muda mrefu, akasema: "Baba Mdogo, ungekuja wiki ya kwanza."

Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Baba alikuja siku ya 71. Kaka aliomba aongezewe muda, na ombi likakataliwa, kwa kuwa mavuno na harusi si sababu za kisheria. Makaburi ya babu na bibi sasa yako katika shamba la mtu mwingine. Nikiwa na miaka 18 nilijifunza kwamba familia yenye wakili ndani yake inaweza kushindwa kwa kutojua tarehe. Familia isiyo na wakili je?

Tunachokiomba

Mambo yamebadilika. Mashauri ya Mahakama Kuu ambayo yalitupeleka Mwanza sasa yanasikilizwa Musoma. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na mabaraza ya kata sasa yanasuluhisha tu migogoro ya ardhi, hayaamui. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wanaweza kumweleza mama kijijini hatua za kufuata.

Lakini njia ya kuwa wakili imeongezewa mlango. Tangu 2008 mwenye shahada ya sheria lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo jijini Dar es Salaam kabla ya kuapishwa. Huko kuna ada, chumba, nauli na chakula, na ninawafahamu vijana wetu wenye shahada mkononi wanaoendesha bodaboda Sirari na Mugumu kwa sababu walikwama hapo. Mwaka huu Mfuko wetu wa Elimu unaomba mchango kwa mambo mawili: kuwavusha vijana hao, kwa sharti kwamba wafanye kazi nyumbani kwa kipindi watakachokubaliana na Kamati, na kuwafundisha wasaidizi wa kisheria vijijini, angalau wajue kuhesabu siku 30 na siku 45.

Kama mhasibu nawaahidi kwamba kila shilingi itaandikwa, na vitabu vitakuwa wazi siku ya mkutano mkuu. Wazee wetu walitoa vijana kwa ajili ya Burma na Kagera bila kuuliza watapata nini. Sisi tunaombwa tu ada.

Ofisi ya Kaka sasa ni duka la simu. Muhuri na madaftari ninayo mimi, Dar es Salaam, ndani ya boksi. Kijana wa kwanza wa Mfuko huu atakayeapishwa na kurudi kufungua ofisi Tarime au Mugumu, nitampelekea madaftari yale mwenyewe. Kuna mashauri mle ambayo bado hayajaisha.